Kichujio cha Nyanchoka

Daktari alikataza chumvi, na hilo Nyanchoka alilikubali, kwa sababu chumvi ni ya dukani na duka halina undugu na mtu. Lakini alipoendelea kukataza, ndizi, parachichi, maharagwe, viazi vitamu, nyanya, Nyanchoka aliona waziwazi kwamba huyu daktari hana shida na figo za mwanawe Mokua. Ana shida na Wakisii.

"Sasa amebakisha nini?" aliuliza walipofika nyumbani, mkono kiunoni, mbele ya mafiga.

"Amebakisha wali, mama," Mokua alijibu kutoka kwenye kiti chake.

"Wali ni chakula ya harusi ya watu."

"Na ugali."

"Ugali na nini? Ugali na maombi?"

Mokua alikuwa fundi wa kuchomelea milango ya chuma hapo Rodi Kopany, mtu wa mabega mapana, na sasa shati lilimning'inia kama limeanikwa. Figo zake zote mbili zilikuwa zimegoma. Kila Jumatatu na Alhamisi alipelekwa Homa Bay, akalala kando ya mashine asubuhi nzima, damu ikitoka na kurudi. Mkononi, pale walipomuunganishia mishipa, palikuwa na kivimbe kilichovuma kama kinu cha posho kinachosagia kijiji cha pili. Nyanchoka alikitegea sikio kila asubuhi kabla hajamsalimia mtu. Kikivuma, alipata nguvu ya kugombana mpaka jioni.

Wa kugombana naye alikuwepo. Filister, mke wa Mokua, alikuwa Mjaluo wa Macalder, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, aliyenunua dagaa wa omena ziwani alfajiri na kuwauza sokoni hapo Rodi. Nyanchoka aliuza ndizi soko hilo hilo, mistari miwili kutoka meza ya mkaza mwanawe, na mwanawe alipougua alihamia kwao kusaidia kwa wiki moja. Wiki hiyo ilikuwa bado haijaisha. Filister hakujua Kikisii na Nyanchoka alikataa kujua Kijaluo, kwa hiyo waligombana kwa Kiswahili, ambacho hakikuwa cha yeyote kati yao, na kila mmoja alikivunja apendavyo.

"Mama, hiyo jiko yangu nimeitafuta."

"Mama Lynnet, jiko yako iko pale uliiacha. Mimi napika nje na mawe. Mawe hayana mwenyewe."

Lynnet mwenyewe, binti yao wa pekee, alikuwa shule ya bweni, na kila mmoja wa wanawake hawa alimwombea abaki huko, asije akatakiwa kuchagua upande.

Tatizo lilikuwa chakula. Mokua alikuwa anakula kama mtu anayelipa faini. Anamega tonge, analitazama, analirudisha. Mboga ya managu isiyo na chumvi, alisema, ni kama kutafuna gazeti la mwaka jana. Nyanchoka alimwona anavyokonda akakosa raha, na siku moja akiwa anafagia maganda ya ndizi chini ya meza yake sokoni, akasimama na ufagio mkononi. Chumvi imekatazwa. Ndizi imekatazwa. Lakini alikuwa amesikiliza yale makatazo yote kwa masikio mawili, neno kwa neno, na majivu hayakutajwa.

Basi akabeba maganda nyumbani kwa gunia. Akayaanika juani na maganda ya maharagwe mpaka yakalia kama makaratasi, akayachoma, akakusanya majivu. Akachukua mkebe wa zamani wa mafuta ya kupikia, akautoboa matundu kwa msumari chini, akatandika nyasi kavu ndani, akashindilia majivu juu ya nyasi, akamimina maji polepole. Chini yake akatega bakuli. Tone, tone, tone. Yakashuka maji ya rangi ya chai ya rangi, mazito kidogo, yenye kuuma ncha ya ulimi. Mama yake alipika hivyo, na mama wa mama yake, kabla duka la kwanza halijajengwa.

Managu aliyoyapika kwa maji hayo yalilainika yakateleza. Mokua alimega tonge la kwanza. Akamega la pili. Akafuta sahani kwa kidole.

"Mama, umetia chumvi?"

"Hata punje. Muulize Mungu."

Na ilikuwa kweli, na kwa kuwa ilikuwa kweli Nyanchoka aliimba wimbo wa Sabato huku anaosha vyombo, siku yenyewe ikiwa Jumanne. Filister aliporudi alionja mboga iliyobaki, akaafiki kwa kichwa.

"Kado," alisema. Ndivyo walivyoyaita kwao maji ya majivu. "Mama yangu pia hupika na hiyo."

Lilikuwa jambo la kwanza wawili hao kukubaliana tangu harusi.

*

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana Mokua alitaka kuinuka aende msalani, miguu ikakataa.

"Mama," alisema kwa mshangao zaidi kuliko hofu, "hii miguu ni ya nani?"

Walimwita Walter, jirani mwenye gari la kubebea mikungu ya ndizi, wakamlaza Mokua nyuma kati ya majani makavu. Filister alishika kichwa, Nyanchoka alishika miguu isiyojulikana ni ya nani, na njia nzima hadi Homa Bay alikuwa anamkemea Walter, akienda pole kwamba anaua mtu, akienda mbio kwamba anaua wote.

Hospitalini walimbandika Mokua nyaya kifuani, karatasi ikatoka na mistari ya moyo. Mistari ilikuwa imechongoka kama mapaa ya kanisa. Daktari aliitazama mara moja tu akaanza kutembea haraka, na Nyanchoka alikuwa ameishi vya kutosha kujua kwamba daktari akitembea haraka mambo ni mabaya. Wakamdunga sindano ya kuutuliza moyo, wakaita watu wa mashine watoke makwao.

Muuguzi wa mashine aliitwa Celestine, msichana mnene wa Mbita, mwenye sauti ya kutosha uwanja. Alipomaliza kumfunga Mokua na mashine ikaanza kuzunguka, aliwageukia wanawake wawili.

"Nani amempa ndizi?"

"Hakuna," walisema pamoja.

"Potasiamu imepanda karibu imuue. Potasiamu haitoki mbinguni, dani. Inatoka kwa sahani."

"Hiyo potasi unayosema ni nini?" Nyanchoka aliuliza, kwa kuwa dani, yaani bibi kwa Kijaluo, alikuwa yeye. "Maana tangu aanze kuja hapa nasikia tu mnaitaja mkikasirika."

Celestine alikuwa ametolewa kitandani siku yake ya mapumziko, lakini alipenda maswali. Akachukua chupa ndefu nyembamba iliyokwisha kazi, nyeupe ndani kama imejazwa nywele za bibi.

"Ona hapa. Hizi nywele kila moja ina tundu katikati, kama mrija wa soda. Damu ya Mokua inapita ndani ya mirija. Nje ya mirija kunapita maji. Ukuta wa mrija ni kingozi chembamba, kina vitundu vidogo sana. Chembe za damu ni kubwa, haziwezi kupita. Uchafu ni mdogo, unapita. Figo yako na yangu pia ziko na vichujio vyao, milioni na milioni, na hazisimami hata ukilala."

"Na huo uchafu, nani anausukuma utoke?"

"Hakuna. Unahama wenyewe. Kitu kikiwa kimejaa upande huu, na upande ule hakuna, kinatoka penye wingi kinaenda penye uchache."

Nyanchoka alifikiri. "Kama watu wa matanga," alisema. "Nyumba hii chakula imeisha, nyumba ile ndio wanafunua sufuria. Hakuna mtu anatangaza. Ukigeuka, viti ni vitupu."

Mokua, aliyelala macho yamefumbwa, alitabasamu.

"Haswa!" Celestine akapiga paja. "Na kule kukijaa pia?"

"Wanasimama mlangoni."

"Basi ndiyo sababu maji yanabadilishwa kila dakika, kule kusijae."

"Lakini kwa matanga hata watu wazuri wanahama. Mashine inajuaje mbaya na mzuri?"

"Haijui. Ile kitu tunataka ibaki kwa damu, tunaiweka pia kwa yale maji, kiasi kile kile. Ikiangalia huku na huku inaona ni sawa, haioni haja ya kuhama."

"Mko na akili."

"Sasa potasiamu," Celestine akaendelea, kwa kuwa alikuwa amepata mwanafunzi, "nyumba yake ni ndani ya chembe za mwili. Huko ndani iko nyingi, nje kwa damu inatakiwa kidogo tu. Hiyo tofauti ya ndani na nje ndiyo inafanya moyo upige. Nje kukijaa, tofauti inapungua, moyo unachanganyikiwa, unaweza kusimama."

"Kwa hiyo moyo unapiga kwa sababu ndani na nje hawako sawa."

"Tuseme hivyo."

Nyanchoka alimtazama Filister kutoka kitambaa cha kichwa hadi viatu. "Basi nyumba yetu haiwezi kufa."

Filister hakucheka. Alikuwa anatazama mkono wa mumewe.

"Nani anapika?" Celestine akauliza.

"Mimi," Nyanchoka alisema, kifua mbele. "Chumvi, hata punje. Ndizi, hajaona. Parachichi hata la picha. Nimeshika kila neno la daktari kama amri kumi."

"Na hakuna mwingine anampa kitu?"

Mashine ikazunguka. Filister akafungua kinywa.

"Nilimpa omena. Kijiko moja. Aliniomba."

"Ndiyo hiyo!" Nyanchoka aliruka kama aliyeketi juu ya siafu. "Nilijua! Nilijua mimi! Samaki!"

Celestine alisema kwamba kijiko kimoja cha omena hakiwezi kufanya haya, kwamba lazima kuna kitu kingine, kikubwa, cha kila siku. Alisema wazi na kwa ile sauti yake ya uwanja. Lakini Nyanchoka hakusikia, kwa sababu alikuwa tayari yuko kwenye korido, kidole kimoja sikioni, anampigia simu Mosoti.

*

Mosoti alikuwa ndugu mdogo wa marehemu mumewe Nyanchoka, mzee wa kanisa, mtu aliyeweza kuombea chai mpaka ikapoa. Alifika Rodi Jumanne na suti yake ya Sabato, akaketi kiti cha Mokua, Mokua akaketi kwenye stuli.

"Tumekutana," Mosoti alisema, "kwa jambo zito."

"Baba mdogo, mimi niko mzima sasa," Mokua alisema.

"Wewe ni mgonjwa. Mgonjwa hasemi." Akamgeukia Filister. "Mama Lynnet. Ulimpa mume wako samaki ama hukumpa?"

"Nilimpa kijiko moja."

"Sijauliza kijiko. Nimeuliza samaki."

"Nilimpa."

"Amekubali," Mosoti alitangaza, na Nyanchoka peke yake kwenye kochi ndiye aliyeitikia. "Daktari anakataza, wewe unapeana. Sasa sisi kama familia tuseme nini? Tuseme ulisahau? Mwenye kuuza omena anasahau omena?"

"Mwambie pia," Nyanchoka aliongeza, "mimi mama yake sijawahi kumpa kitu imekatazwa hata siku moja."

Filister alikunja kitambaa alichokuwa ameshika, kikawa kidogo, kikawa kidogo zaidi. "Mama," alisema, "mimi ndio naamka kwenda ziwani. Mimi ndio nalipia gari ya hospitali. Mimi ndio namwosha. Kama nilitaka afe si ningelala tu?"

"Unaona mdomo?" Nyanchoka alimwambia Mosoti.

Mosoti alishauri Filister aende kwao akapumzike, familia iangalie mgonjwa wao. Alilisema kwa upole, kama mtu anayekusaidia kushuka ngazi huku amekushika shingo. Kabla hajamaliza chai alikuwa ameshaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba aliyekuwa akimlisha mgonjwa sumu amepatikana, Mungu ni mwema. Filister aliingia chumbani, akatoka na nguo zake ndani ya ndoo ya omena. Hakulia. Alimwambia mumewe kitu kwa Kijaluo, neno fupi, akatoka.

"Amesema nini?" Nyanchoka aliuliza.

"Amesema nisinywe maji mengi."

Nyumba ilitulia. Nyanchoka alipata jiko, alipata kochi, alipata redio. Jioni hiyo alihamisha sufuria zake ndani, na alipokosa mtu wa kumwambia asihamishe, alizihamisha tena mara ya pili.

"Umefurahi, mama?" Mokua aliuliza.

"Nimefurahi uko hai."

"Si hiyo nimeuliza."

Akampakulia managu. Na kwa kuwa alikuwa na huzuni, yule mwanawe, na amekosa mke, Nyanchoka alimtilia yale maji ya majivu kwa mkono wa ukarimu.

*

Alhamisi, kabla hata mashine haijawashwa, Celestine alikuja na majibu ya damu, ametuna.

"Imepanda tena. Chini kidogo ya Jumapili. Yule mama wa omena yuko wapi?"

"Tulimfukuza," Nyanchoka alisema.

"Mlimfukuza? Lini?"

"Juzi."

"Na imepanda akiwa hayuko." Celestine alivuta stuli. "Dani, mimi nilikwambia si omena. Kuna kitu. Niambie kila kitu kinaingia kwa huyu mtu."

Nyanchoka alikuwa ameingojea siku hii. Alifungua kikapu, akatoa chakula alichokibeba maalumu, managu kwenye bakuli lenye kifuniko, akakishika juu ili chumba kizima kione: Celestine, na wagonjwa kwenye vitanda vyao, na mzee Werema wa Kehancha aliyelala jirani na Mokua na asiyekosa neno.

"Onja," alisema. "Utafute chumvi. Ukiipata, nifungwe."

Celestine alionja. "Iko na ladha."

"Iko na ladha!"

"Na imelainika vizuri. Ulitumia nini?"

Hapo Nyanchoka aliweka kikapu chini ili mikono ipate nafasi. Alieleza kuanika, alieleza kuchoma, alieleza mkebe na msumari na nyasi. Alionyesha kwa vidole jinsi maji yanavyoshuka. "Na msidhani ni nyinyi pekee mna kichujio," alisema, akisonta mashine kwa mdomo. "Hata mimi niko nayo, na haitaki stima."

"Hata kwetu tunatengeneza," mzee Werema akaitikia. "Mboga bila hiyo ni majani."

"Maganda ya nini, dani?" Celestine aliuliza, sauti yake ikiwa imepungua ghafla, ya chumba tu.

"Ya ndizi. Na ya maharagwe."

Celestine aliketi kwenye kitanda, karibu aukalie mguu wa Mokua. Akashika uso kwa viganja. Mabega yakatikisika, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka, pengine hata yeye.

"Dani. Ndizi tunakataza kwa sababu imejaa potasiamu. Ganda lake limejaa zaidi. Ukilichoma, ganda linaungua, potasiamu haiungui. Inabaki kwa majivu, imekusanyika, gunia zima kwa mkebe mmoja. Halafu unamwaga maji, maji yanaibeba yote. Umempikia huyu mtu mkungu wa ndizi kwa kijiko. Kila siku."

Mzee Werema alijifanya amelala.

"Lakini daktari hakutaja majivu," Nyanchoka alisema.

"Nani angetaja majivu?"

"Angetaja! Ametaja mpaka nyanya!"

"Ni kweli," Celestine alisema. "Na mimi bibi yangu alipika hivyo hivyo, nimekula mpaka nikawa hivi unaniona, na sikuwahi kufikiria kukuuliza. Nitaanza kuuliza. Lakini wewe ukifika nyumbani, huo mkebe, tupa."

Mokua alikuwa ameanza kucheka. Kilikuwa kicheko kikavu mwanzoni, kisha kikamshinda, mkono ukatikisika kabla sindano haijaingia na Celestine akamfokea atulie. Alipotulia, machozi yalikuwa yamemfika masikioni.

"Mama," alisema, "nenda umlete Filister."

"Nitamtuma Mosoti."

"Mosoti hakupika."

*

Kwa desturi, mama wa mume haendi kwa wakwe akiwa peke yake, bila kutangulizwa na mtu, bila leso na sukari na wanawake wa kuimba. Nyanchoka alijua hivyo. Alijua pia kwamba akingoja leso na waimbaji, maneno yatamfika Filister yamepambwa, na Mosoti atakuwa ndiye mwenye kuyapamba. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi alikwenda Macalder na mkungu mmoja wa ndizi kichwani, kama mchuuzi, na alipofika kwenye ua alisimama nje akaita hodi kama mchuuzi.

Jedidah, mama yake Filister, alikuwa ameinama juu ya beseni uani, anaosha mchanga wa dhahabu, matope mpaka kwenye viwiko. Filister alikuwa kando yake anamiminia maji. Walimwona wote wawili, na wote wawili wakaendelea na kazi yao.

"Mkwe wangu," Nyanchoka aliita, "naomba kuingia."

"Ndizi hatununui," Jedidah alisema.

"Siuzi."

"Basi umekuja kuona kama hapa pia tunalisha watu sumu."

Kwa hiyo WhatsApp ilikuwa imefika Macalder. Nyanchoka alishusha mkungu, na kwa kuwa hakuna aliyemkaribisha, alisema maneno yake juu ya ua, kwa sauti, majirani wawili wakitega masikio kwenye kamba ya nguo.

"Ni mimi," alisema. "Ni majivu. Kado. Muuguzi amesema. Ile potasi iko kwa majivu, na mimi ndio nilikuwa namwekea. Omena haikufanya kitu."

Filister aliweka jagi chini. "Mokua?"

"Yuko sawa. Wamemsafisha jana. Alikuwa anacheka."

"Anacheka nini?"

"Mimi."

Jedidah alinyoosha mgongo, akapangusa mikono kwenye sketi, akamtazama bintiye. Filister alichukua muda wake. Akafika kwenye ua, akasimama upande wa ndani, Nyanchoka upande wa nje, fito za ua katikati yao.

"Umeniambia mimi," Filister alisema. "Mimi nilikuwa najua sijaua mtu. Waambie wenye hawajui."

"Nitawaambia nikirudi."

"Piga simu sasa. Weka sauti kubwa."

Mosoti alipokea mlio wa kwanza. Nyuma yake zilisikika sauti za watu. Alikuwa kwenye kamati ya ujenzi wa kanisa.

"Mosoti, mimi ni Nyanchoka. Weka simu yako sauti, hao watu wasikie."

"Shemeji, tuko mkutanoni."

"Ndiyo nataka mkutano."

Kukawa na vurugu ya vidole upande wa pili. Nyanchoka alivuta pumzi. Alikuwa amesimama sokoni miaka mingi akiwatukana wanunuzi wazima bila kupepesa jicho, na sasa alilitafuta neno la kwanza.

"Filister hakumpa Mokua sumu. Ni mimi. Nilipika na majivu ya maganda ya ndizi, ikampandisha potasi. Yule msichana tumemwonea. Mimi kwanza, halafu wewe. Uandike kwa lile kundi la ukoo hivi hivi nimesema."

"Shemeji," Mosoti alisema, sauti imelegea, "mambo kama haya tungeketi kwanza, tuombe, tuone namna ya kuyaweka."

"Uliketi ukaweka lingine haraka haraka. Andika."

Jedidah alicheka, mara moja, kwa nguvu, kama aliyepigwa mgongoni. Simu ikakatika. Walisimama wakitazama skrini mpaka ujumbe ukaingia. Ulikuwa mfupi kuliko ule wa kwanza, na ulikuwa na makosa ya haraka, lakini jina la Filister lilikuwa ndani yake na jina la Nyanchoka pia, kila moja mahali pake.

Filister alisoma, akarudisha simu.

"Nitarudi," alisema. "Lakini kupika ni mimi. Mboga nitakatakata, nichemshe na maji mengi, nimwage hayo maji, nichemshe tena. Celestine alinifundisha zamani, nikakuta umeshika mwiko."

"Umwage supu ya mboga?" Nyanchoka alishika kifua. "Chini?"

"Chini. Na hospitali wakiuliza nani anapika, wewe unanyamaza."

"Nitanyamaza."

"Huwezi."

"Nitajaribu, Mama Lynnet. Zaidi ya kujaribu usinidai."

Jedidah alifungua mlango wa ua, akaubeba mwenyewe ule mkungu wa ndizi kuuingiza ndani, kwa kuwa figo zake yeye zilikuwa nzima.

*

Jumatatu Celestine alikuja na karatasi ya damu, akaisoma akiwa amesimama, akaisoma tena. Mokua aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Mzee Werema naye.

"Imeshuka," Celestine alisema. "Tena vizuri sana. Hata daktari atauliza ni nini mmefanya." Aliwatazama wanawake wawili walioketi kwenye benchi moja, bega kwa bega kwa sababu benchi lilikuwa fupi. "Sasa ni nani anapika?"

Nyanchoka alifungua kinywa. Pumzi ilikuwa imeshaingia, maneno yamejipanga, mkono umeanza kuinuka kutoka pajani. Filister hakugeuka, hakumkanyaga mguu, hakufanya kitu chochote. Aliendelea kuutazama ukuta.

"Dani? Leo umenyamaza. Unaumwa?"

Nyanchoka akameza. Yalishuka kwa shida, kama kidonge bila maji. Kisha akachomoza midomo yote miwili, akaielekeza upande wa Filister, akaiacha hapo mpaka Celestine alipoona.